Nyota za Magauni ya Kukhu

Jirani yangu hupiga pasi nguo zake za kazi Jumapili jioni. Ukuta kati yetu ni mwembamba, kwa hiyo najua akikohoa na najua akicheka na simu. Wiki iliyopita stima ilipotea tangu mchana hapa Kakamega mjini, akaazima pasi ya makaa kwa mama anayeuza chapati pale chini. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, nimezungukwa na vipande vya kitenge, nikifumua mshono niliokuwa nimeushona vizuri, kwa sababu vizuri haikunitosha. Ndipo harufu ikapita chini ya mlango: makaa, chuma cha moto, na kitambaa chenye unyevu kikianza kukauka. Nikaweka wembe chini. Nilikaa hivyo mpaka vipande vilivyokuwa mbele yangu vikapoteza rangi, maana giza lilikuwa limeingia na sikuwa nimewasha mshumaa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Ujumbe wa simu wa maneno machache naweza kuuandika na kuufuta hadi anayeusubiri alale. Nikifunga mlango narudi kuusukuma nione kama kweli umefungwa. Ushonaji wa viraka nilijifunza peke yangu, kwanza kwa macho na baadaye kwa video za simu, na kila nikianza nakshi ngumu nafumua kuliko ninavyoshona. Marafiki huniuliza kwa nini basi sichagui rahisi. Sijui kuwajibu kwa kifupi. Jibu liko Ekero, nyumbani kwa babu yangu, katika msimu ule aliokataa kulala kitandani.

Sisi babu tunamwita Kuka na nyanya tunamwita Kukhu. Kukhu alikuwa na blanketi lililotoka kwenye bunda la mitumba. Baba mdogo alilinunua sokoni Mumias, akamletea mamake bila kujua amebeba nini. Lilikuwa limeshonwa kwa vipande, na vipande vilikuwa vimepangwa vikawa nyota. Kila nyota ilikuwa na ncha nane, kila ncha ni kipande cha peke yake, chembamba, kimechongoka huku na huku kama jani la mkaratusi. Zote nane zilikutana katikati, mahali padogo kuliko tundu la kifungo, na pale hapakuwa na shimo wala uvimbe. Palikuwa laini kama shavu.

Kukhu alikuwa akilianika kwenye waya uliotoka jikoni hadi kwenye mparachichi. Pamba yake ya ndani ilikuwa imesagika ikaisha kwa uzee, likabaki vitambaa viwili vyembamba, na mimi nilipenda kuingia chini yake nikalala kwenye nyasi na kutazama juu. Jua lilipita ndani ya nguo. Rangi zilinidondokea mikononi, nyekundu na buluu na ile ya majani makavu, nikawa nageuza viganja ili zinifike pande zote. Na kwa kuwa mwanga ulitoka upande wa pili, niliona pia kile ambacho mtu aliyelala kitandani haoni: mikunjo ya mishono, kama vivuli. Katikati ya kila nyota vivuli hivyo vilikuwa vimelala upande mmoja, vikifuatana, vikizunguka kama nywele za utosini mwa mtoto mchanga.

Niliamini kabisa kwamba hiyo si kazi ya mtu. Nilimwuliza Kukhu kama ni malaika.

"Malaika hawana baridi," alisema. "Huyu alikuwa mtu. Na alikuwa na vidole kumi kama vyako, tena labda kimoja kilikuwa kinamuuma."

"Alikuwa anaishi wapi?"

"Mbali. Toka huko chini, utaota upele wa nyasi."

Sasa lazima nieleze jambo la jina langu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyotokea. Nilipewa jina la mama yake Kukhu. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, anapewa pia nafasi ya mtu huyo katika ukoo. Kukhu, mzee mwenye mvi, aliniita mama. Na kama mimi ni mama yake Kukhu, basi kwa Kuka mimi ni mama mkwe. Mliokulia huku mnajua maana yake. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali pamoja. Mama mkwe haingii chumba cha kulala cha mkwewe, na kitanda chake hakitazami hata kwa bahati mbaya.

Kuka aliufanya huo mchezo wake mkubwa. Akiniona naingia uani, anaruka kutoka kitini.

"Ondoeni hii sahani! Mama mkwe amefika na mimi nina mchuzi kwenye ndevu!"

Mikono anaificha mgongoni. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mbwa, mbwa aniambie mimi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilicheka pia, nilipokuwa mdogo. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia mchezo unaishia wapi, na mtoto mwenye hofu ya kukosea huchukua kila sheria kwa mikono miwili. Nikaanza kuzunguka nyuma ya jikoni nisikutane naye njiani. Chumba chao sikukiingia. Nilifika umri wa kusoma na kuandika vizuri, na nilikuwa sijawahi kushika mkono wa babu yangu.

Kukhu alifariki wakati miwa inakatwa, barabara imejaa matrekta na vumbi jeusi la majani yaliyochomwa. Alikuwa ameomba azikwe na blanketi lake, kwa hiyo wakamfunika nalo, na nyota zote zikaenda ardhini. Baada ya mazishi wazee walikaa kugawa nguo zake kama desturi ilivyo. Dada yake alipewa koti, wakaza wana wakapewa leso na magauni mazuri. Yakabaki yale ya zamani, yaliyochanika makwapani na kupauka mabegani. Hakuna aliyeweza kuyavaa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyachoma. Senge Rodha, dada yake baba, akayatia kwenye gunia akaenda nalo.

Watu walipotawanyika, Kuka hakurudi kitandani. Alilala kwenye kiti chake sebuleni, kofia imemfunika macho, kidevu kifuani. Tulidhani ni siku mbili tatu. Msimu wa kukata ukaisha, wa kupalilia ukaja, yeye bado yuko kitini. Miguu ikaanza kuvimba hadi viatu vikakataa kuingia. Wanawe walimnunulia blanketi jipya, lile zito lenye picha ya simba. Akawashukuru, akaliacha ndani ya nailoni yake.

"Baba, utavunjika mgongo," Senge Rodha alimwambia.

"Mgongo ni wangu."

"Na miguu?"

"Hata miguu ni yangu, Rodha. Pika chai."

Nilisikia wakubwa wakinong'ona jikoni kwamba mzee analalanga hivyo hivyo mpaka siku moja watamkuta amekauka. Sikulala vizuri baada ya kusikia hayo. Nikakaa nikawaza, na kwa akili yangu ya wakati ule nikapata sababu: Kuka alikuwa anasikia baridi. Miaka yote alikuwa amelala chini ya nyota, sasa nyota zimezikwa, na simba wa dukani hawezi kufanya kazi ya nyota. Ilikuwa wazi kwangu kama maji. Nilishangaa wakubwa hawalioni. Akipata blanketi kama lile, atarudi kitandani, na miguu itapona.

Nikamfuata Senge Rodha kwenye veranda aliyokodi pale senta ya Ekero. Alikuwa fundi wa sare za shule. Cherehani yake ilipiga kelele kutoka asubuhi hadi jua linazama, na chini ya meza kulikuwa na lundo la masalio ya rangi za shule zote za karibu, kijani, damu ya mzee, kijivu.

"Magauni ya Kukhu nipatie mimi," nilimwambia.

"Ya nini?"

"Nimshonee Kuka blanketi la nyota."

Alisimamisha mguu kwenye pedali. Nilidhani atacheka, na kweli alianza, kisha uso ukabadilika.

"Sikiza. Mimi nimejua mshono ulionyooka. Sketi, shati, kaptura. Hizo nyota sizijui na sitakudanganya. Vipande viko hapo chini ya meza, haribu vyote ukitaka. Lakini nguo za mama hutagusa mpaka nione nyota moja imelala chini kama chapati. Kitambaa cha shule kikiharibika kuna kingine. Gauni la mama ukilikata vibaya, utaenda kununua lingine wapi?"

Hilo swali liliingia ndani yangu na halijatoka hadi leo. Kila nikishika mkasi bado nalisikia.

Nilikata kipimo kutoka kwa katoni ya sabuni, nikachora kwa chaki, nikashona kwa mkono. Nyota ya kwanza ilisimama. Sisemi kwa mfano. Niliiweka mezani, katikati yake ikainuka juu kama paa la nyumba ya msonge. Binamu yangu Linet, mtoto wa baba mkubwa, ambaye alinizidi umri kidogo na mdomo sana, aliiokota akaizungusha kwenye kidole.

"Hii ni nyota ama ni ng'ombe? Ona nundu!"

Akaivaa kichwani, akatembea verandani akibariki wateja kama askofu. Senge alicheka hadi akakosea mshono wake. Mimi nilicheka mdomoni tu. Ile nyota niliitupa kwenye choo cha shimo, na zilizofuata pia, moja baada ya nyingine, ili mtu asizione. Kitambaa kikikatwa mshazari hakina msimamo. Unakigusa, kinarefuka. Unakishona, kinarefuka zaidi. Vipande nilivyovikata sawa kwa kipimo kimoja vilitoka mikononi mwangu kila kimoja na urefu wake, na vikikutana katikati vilisukumana.

"Vipande vyangu vinaenda wapi?" Senge aliuliza siku moja. "Unashona, unashona, sioni kitu."

"Chooni."

"Chooni!"

"Ni vibaya, Senge."

"Sasa wewe, ukitupa vibaya utajuaje vibaya vyako vinaelekea wapi? Hata mwalimu hukurudishia daftari na makosa yake. Toka leo unaweka hapa."

Akagongomea misumari midogo kwenye ukuta wa mbao, na kila nyota iliyoharibika ikaning'inizwa pale, mbele ya wateja, mbele ya Linet, mbele ya dunia nzima ya Ekero. Nilitamani kufa. Wanawake waliokuja kupima sketi za watoto walikuwa wakiuliza hizo ni kofia za nini. Lakini baada ya muda, nikikaa pale nikitafuna kucha, niliona jambo. Ya mwisho haikuinuka kama ya kwanza. Nundu ilikuwa imepungua. Mwenyewe nisingejua, maana moyoni mwangu zote zilikuwa mbaya kwa kiwango kimoja.

Kilichozuia kitambaa kurefuka nilikigundua kutokana na kola za mashati. Senge alikuwa akizitia wanga, ule uji mwepesi wa muhogo, halafu anazipiga pasi zikawa ngumu kama kadi. Niliwaza kwamba kama wanga unaifanya kola isimame, utafanya na kipande changu kitulie. Nikatia kitambaa wanga kabla ya kukata, nikapiga pasi ya makaa, mvuke ukanijaa usoni. Kipande kikatii. Kwa mara ya kwanza ncha zote nane zilikuwa ndugu. Nikazishona, na nundu ikabaki bado, ndogo kama punje ya hindi, katikati kabisa. Niliifumua na kuirudia mpaka uzi ukaacha matundu. Ile punje haikuondoka. Hapo nilikata tamaa kweli. Jioni nilimwona Kuka amekaa kitini, miguu juu ya kigoda, ngozi ya miguu inang'aa kwa kujaa, nikaona kwamba nitashindwa na punje moja.

Siku iliyofuata Senge aliniambia nianike mashati meupe aliyokuwa ameyafua. Nikatundika moja kwenye waya, upepo ukalijaza, jua likiwa nyuma yake. Na ndani ya weupe ule nikaona vivuli: mkunjo wa bega, mkunjo wa mkono. Nikasimama na vibanio mdomoni. Kwa mawazo nilirudi chini ya mparachichi wa Kukhu. Nikaona tena vivuli vya blanketi la Kukhu, vimelala upande mmoja, vinafuatana, vinazunguka utosi. Nilikuwa nimevitazama mara nyingi kama uzuri tu. Sikujua kwamba nilikuwa nikionyeshwa njia.

Nikaacha mashati kwenye beseni na kukimbia. Niliigeuza nyota yangu nikatazama mgongo wake. Mikunjo ilikuwa imelala ovyo, huu huku, ule kule, na yote ilipofika katikati ilipandana kama watu wanaogombania mlango mmoja. Nikaufumua utosi kwa wembe. Nikashona upya, nikisimama kidogo kabla ya kufika katikati, nikaacha nafasi ndogo bila uzi. Kisha nikailaza mikunjo yote upande mmoja kwa ukucha, mmoja mmoja, na ulipofika wa mwisho, mikunjo ya katikati ikajifungua yenyewe. Ilizunguka. Ikawa kiua kidogo cha mishono, mahali ambapo hakuna mtu angekiona.

Nikaigeuza, nikaweka pasi. Nilipoinua pasi, nyota ilikuwa imelala.

Sijui kuandika vizuri nilichokisikia. Haikuwa furaha ya kushinda. Mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, alikuwa ameshughulika na punje hii hii, akaipatia dawa hii hii, akaificha ndani, na mimi nilikuwa nimeifuata bila yeye kusema neno. Nilitazama vidole vyangu. Vilikuwa kumi, na viwili vilikuwa vinavuja damu.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Senge alikuja akapitisha kiganja juu ya nyota, akarudia, akafumba macho akapitisha tena.

"Imelala," alisema kwa sauti ndogo. Akaingia ndani, akatoka na gunia.

Kukata gauni la kwanza kulinichukua muda mrefu kuliko nyota nzima. Lilikuwa la kijani. Nilipolipiga pasi na wanga, joto likaamsha kilichokuwa kimelala ndani yake: moshi wa jikoni kwake, mafuta yake ya kujipaka, yeye mwenyewe. Senge aligeuka akaanza kupanga vifungo ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. Linet, aliyekuwa amekuja kunichokoza, alikaa chini akaniuliza kwa upole kama anaweza kunishikia kitambaa kisiteleze. Nikakata. Mkasi ulipiga kelele kama mtu anayetafuna muwa.

Nyota ziliongezeka. Nilikuwa nikitoka shule naenda verandani moja kwa moja, na wikendi natoka tu Senge akifunga. La kijani, la njano, lile jeusi lenye madoa, na mwisho lile la kahawia lenye maua meupe, ambalo makalio yake yalikuwa yamechakaa hadi kitambaa kizima kilitosha nyota moja tu bila kipande cha akiba. Na hapo ndipo nilipoharibu. Katika kuunganisha nyota ile na jirani yake nilichukua mshono mpana mno, ukaimeza ncha moja. Nyota ya kahawia ilikuwa na ncha saba na kisiki. Niliifumua, nikarudia, kitambaa kikaanza kutoa nyuzi. Nilitaka kufumua tena. Senge akaninyang'anya wembe.

"Ukifumua tena itabaki ndevu tupu."

"Lakini imekatika, Senge!"

"Imekatika. Iache."

Nililia nikiwa nimejifunika na kanzu ya mteja. Senge akashona shuka kuukuu chini yake, akazungusha upindo kwa cherehani, na blanketi likaisha, na jicho langu halikuona nyota nyingine yoyote ila ile.

Tulilikunja Jumamosi kulipeleka nyumbani. Tukiwa njiani, Linet akasimama ghafla.

"Na nani atatandika?"

"Mimi," nilisema.

"Wewe? Wewe si mama mkwe wake? Tangu lini mama mkwe anatandikia mkwe kitanda?"

Nami nikasimama. Miezi yote ile nilikuwa nimewaza wanga, na ncha, na utosi. Sikuwaza hata siku moja kwamba nilikuwa nashona kitu cha mahali ambapo mimi, kwa jina langu, sikuruhusiwa kutazama. Nilimtazama Senge aseme kwamba huo ni utani tu. Akalihamishia blanketi kwenye bega la pili.

"Mzee huo utani ameshikilia miaka yote," alisema. "Na wakati huu sitaki kumchezea. Hata mimi mwenyewe, binti mwenye mume wake, siwezi kuingia chumba cha baba yangu."

"Mimi naweza," Linet alisema. "Mimi ni mjukuu wa kawaida."

"Utaliweka kichwa chini miguu juu," nilimwambia, machozi yananitoka.

"Nyota ina kichwa?"

Tukafika. Kuka alikuwa amekaa nje, karibu na ghala la mahindi, miguu kwenye kigoda. Nilibaki mbali, upande wa jikoni, kama ilivyonipasa. Senge na Linet wakalikunjua mbele yake. Kivuli cha mawingu kilikuwa kinakuja kutoka upande wa msitu, kama kawaida ya mchana wetu, lakini jua lilikuwa bado lipo, na nyota ziliwaka.

Kuka aliinama mbele. Akalivuta karibu. Kidole chake kikaanza kutembea.

"Hii ni ya harusi yako, Rodha."

"Ndiyo, baba."

"Hii alikuwa anaendea soko. Hii ya njano nilimnunulia mimi, akasema inamfanya aonekane ndizi." Akaisugua kwa kidole gumba. "Akaivaa lakini. Akaivaa mpaka ikaisha." Kidole kikafika kwenye ile ya kahawia, kikasimama. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ananitazama, kisha, kama aliyekumbuka heshima, akageuza uso akamtazama mbwa.

"Simba, muulize mama mkwe kama ni yeye ameshona hii."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Linet akashika mdomo wake.

"Ni mimi," nilimwambia mbwa.

"Muulize nani alimfundisha."

"Hakuna mtu."

"Mwambie ni kazi kubwa. Lakini mwambie pia mkwe hapokei kitu cha kitandani kutoka kwa mkono wa mama mkwe. Hata dunia ikiharibika namna gani, hiyo hapana."

Nikasikia Linet akinong'ona, "Si nilisema." Nilianza kurudi nyuma. Nililiona blanketi likirudi guniani, na Kuka akizeeka kitini, na kosa likiwa langu.

"Kwani nimemaliza kuongea?" Kuka alisema. "Mama mkwe akimpatia mkwe nguo ya mabega, hiyo ni zawadi. Na zawadi ikishatolewa mbele ya mashahidi, aibu imeisha. Watu wanasalimiana kama watu."

Akainuka. Ilimchukua muda, na Senge alipotaka kumshika alimkataza kwa kiwiko. Akajitupia blanketi mabegani, likamfika visigino, akavuka ua kunijia, hatua kwa hatua, kwa ile miguu yake iliyojaa, nyota zikimzunguka. Akanyoosha mkono.

"Mulembe, mama."

Mulembe ni amani. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu, mkono wa mtu aliyekata miwa maisha yake yote, na ulikuwa na joto. Nilishangaa joto lile. Nilikuwa nimeamini anasikia baridi.

"Mulembe," nilisema.

Akageuka, akaingia nyumbani akiwa bado amejifunika. Tulisikia akipita sebuleni. Hakusimama kwenye kiti. Mlango wa chumbani ulifunguka, ukafungwa, na kitanda kikalia kwa uzito. Kisha tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia siku ya mazishi wala baadaye. Kuka alikuwa analia, kwa sauti kubwa, kama mtoto aliyeanguka.

"Ameiona," nilimwambia Senge.

"Ameona nini?"

"Ile ncha iliyokatika."

Senge Rodha alinitazama kana kwamba hanijui. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni. Akanivuta akanibana kwenye tumbo lake lenye pini za fundi, zikanichoma, sikusogea.

"Hajaona ncha," alisema. "Amemwona mama."

Mvua ikafika. Ilianza kwenye miwa, tukaisikia inakuja, ikapanda kwenye bati na kuifunika sauti yake. Tulisimama jikoni, watatu, hakuna aliyewasha moto. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kidogo: kile kitanda kilikuwa na upande mmoja mtupu, na hilo halikuwa jambo la baridi. Nilikuwa nimekosea sababu tangu mwanzo. Na bado nyota zilikuwa zimelala.

Mvua ilipoacha, kulikuwa kimya. Senge alinyata hadi mlangoni akaweka sikio, akarudi ameinua kidole mdomoni. Anakoroma. Ng'ombe walianza kulia kukamuliwa, Linet akaenda kuwakamua mwenyewe huku akiwatukana kwa kunong'ona wanyamaze. Majirani waliopita waliambiwa kwa ishara wapite mbali.

Jua lilikuwa linashuka alipotokea mlangoni, bila kofia, ameshika ukingo wa mlango. Kwenye shavu lake mishono ilikuwa imeacha alama, mistari iliyotoka mahali pamoja na kutawanyika. Nilianza kuzihesabu ncha moyoni, kama kawaida yangu, kisha nikaacha.

"Mbona hamkuniamsha?" alisema. "Ng'ombe je?"

"Wamekamuliwa, baba."

Akatazama ua uliolowa, akatutazama sisi mmoja mmoja.

"Basi narudi kulala," alisema, akarudi.